MUHAMMAD BIN MASLAMA (R.A.): SWAHABA ALIYEKAGUA MALI ZA MAGAVANA



 

Wanafunzi wapenzi, na wazazi mnaowasomea watoto wadogo kurasa hizi, tumezoea kusoma habari za maswahaba waliokuwa mashujaa wa vita, wapokezi wa Hadithi au matajiri waliotoa mali zao kwa ajili ya dini. Swahaba wa safari hii alikuwa shujaa pia, lakini mimi nimemchagua kwa kazi yake nyingine. Alikuwa mkaguzi. Amirul Muuminina Umar bin Khattab (R.A.) alipotaka kujua gavana fulani amepata wapi mali aliyonayo, au kama malalamiko ya raia ni ya kweli, mtu aliyepanda ngamia kwenda kutazama mara nyingi alikuwa huyu.

Sababu ya kumchagua ni hii. Wapo vijana wetu waliosomea uhasibu au sheria, wakaajiriwa katika mabenki, katika kampuni za simu zinazotuma pesa, au katika idara za serikali, na kazi yao ni kutazama miamala: pesa hii imetoka wapi, inakwenda kwa nani, na je, taratibu zimefuatwa? Kijana akirudi nyumbani akieleza kazi hiyo, wazee wengine hukunja uso. Huiona ni kazi ya kuchungulia mifuko ya watu, ndugu wa umbea na fitina. (Suala la benki za riba ni mlango mwingine, na wenye elimu wameshalizungumza, leo siufungui.) Ninachotaka ni tumtazame mtu wa Madina aliyeifanya kazi hiyo, tena dhidi ya watu wakubwa na wema kuliko yeyote tunayemjua leo.

Jina lake ni Muhammad bin Maslama bin Salama, wa kabila la Aws, ukoo wa Banu Haritha. Alizaliwa Madina, wakati huo ikiitwa Yathrib, miaka ipatayo 22 kabla ya Mtume (S.A.W.) kupewa Utume. Alikuwa mmoja wa watu wachache mno walioitwa Muhammad kabla ya Uislamu kuja. Wapokezi wanamweleza kuwa mrefu, mweusi wa rangi, mwenye mwili mkubwa na upara. Alisilimu mapema mikononi mwa Mus'ab bin Umair (R.A.), yule kijana wa Makka aliyetumwa kuwafundisha watu wa Madina kabla ya Hijra. Mtume (S.A.W.) alipowaunganisha Muhajirina na Ansari kuwa ndugu, ndugu yake Muhammad bin Maslama alikuwa Abu Ubaida bin Al-Jarrah (R.A.), yule aliyepewa sifa ya kuwa mwaminifu wa umma huu. Hapo tu mwanafunzi anaweza kupata picha.

Alipigana Badr mwaka 2 Hijria. Katika safari ya Uhud mwaka 3 aliongoza watu 50 waliolinda kambi usiku. Katika vita vya Khaibar alimpoteza ndugu yake, Mahmud, aliyeangushiwa jiwe la kusagia kutoka juu ya ngome. Katika Umra ya mwaka 7 alitangulizwa na farasi 100. Mambo haya mtayakuta katika vitabu vya Sira, nami siyarefushi.

Lakini lipo jambo moja dogo la baada ya Mtume (S.A.W.) kufariki ambalo watu hulipita haraka. Bibi mmoja alikuja kwa Abu Bakr (R.A.) kudai fungu lake katika urithi wa mjukuu wake. Abu Bakr hakuwa na hukumu juu yake, akawauliza watu. Mughira bin Shu'ba (R.A.) akasema kuwa Mtume (S.A.W.) alimpa bibi sudusi, yaani moja ya sita. Abu Bakr hakumkadhibisha, ila aliuliza kama yupo mwingine anayejua hilo. Akasimama Muhammad bin Maslama akasema vivyo hivyo, na bibi akapewa haki yake. Katika zama za Umar, Mughira alitoa tena ushahidi juu ya hukumu nyingine, Umar akataka mtu wa pili, na wa pili alikuwa tena Muhammad bin Maslama. Makhalifa wawili hawakutosheka na neno la mtu mmoja, ingawa mtu huyo alikuwa swahaba, na mara zote mbili aliyesimama kuthibitisha ni yeye. Naona Umar hakusahau hilo.

Sasa ili tuielewe kazi aliyopewa, turudi nyuma kidogo kwenye asili yake. Mtume (S.A.W.) alimtuma mtu mmoja ajulikanaye kama Ibn Lutbiyya kukusanya zaka za Banu Sulaim. Aliporudi alitoa hesabu, akagawa vitu mafungu mawili: haya ni yenu, na haya nimepewa zawadi. Mtume (S.A.W.) alikasirika, akapanda mimbari, akauliza kwa nini mtu huyo asingekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama zawadi hizo zingemfuata huko. Hadithi hii imo katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim. Msingi wote wa ukaguzi wa watumishi umo humo. Swali si kama aliyepokea ameiba. Swali ni: je, mali hii ingemjia kama asingekuwa na cheo?

Umar (R.A.) aliutawala Umma kuanzia mwaka 13 hadi 23 Hijria (634 hadi 644). Katika miaka hiyo Sham, Iraq na Misri ziliingia mikononi mwa Waislamu, na mali ikamiminika ambayo Waarabu hawakuwahi kuiota. Umar akaweka taratibu. Gavana alipoteuliwa, mali yake iliandikwa. Alishurutishwa asifunge mlango wake mbele ya wenye shida. Magavana waliporudi Madina waliamriwa waingie mchana, si usiku, ili mizigo yao ionekane. Kila msimu wa Hija walikutanishwa na raia zao, na mwenye lalamiko alilitoa hadharani. Mtu mmoja wa Iraq aliwahi kumpelekea Umar mashairi ya kuwataja maofisa waliotajirika, na Umar akawagawia mali zao nusu kwa nusu, nusu yao na nusu ya Baitul Mal, hata imesimuliwa kwamba viatu navyo viligawanywa, kimoja kikachukuliwa na kimoja kikaachwa.

Wanafunzi wakisikia hivyo hudhani wote waliokaguliwa walikuwa wezi. La hasha! Abu Huraira (R.A.), ambaye majina ya Hadithi zake tunayakariri kila siku darasani, alikuwa gavana wa Bahrain, aliporudi akiwa na fedha nyingi (wengine wametaja dirhamu 10,000) Umar alimhoji kwa maneno makali. Abu Huraira alijieleza: farasi wake walizaa, mtumwa wake alimletea pato, na mafungu yake yalifuatana. Wakachunguza, wakakuta ni kama alivyosema. Baadaye Umar alimwomba arudi kazini, na Abu Huraira akakataa. Sheikhul Islam Ibn Taymiyya ameeleza kuwa waliogawanyiwa mali na Umar walikuwa watu wa dini na fadhila, hawakutuhumiwa hiana. Ila watu huwapendelea wenye vyeo katika biashara, na faida ya upendeleo ule si yao peke yao.

Ndiyo maana nawaambia vijana wa kazi hii: kuuliza si kuhukumu. Mtu anayefungua akaunti leo huulizwa jina, kitambulisho, kazi na chanzo cha pesa zake. Akiwa amesema ni mvuvi mdogo, kisha katika wiki moja zikaingia milioni nyingi na kutoka siku hiyo hiyo kwenda kwa watu asiowajua, mkaguzi lazima asimame aulize. Akibaki na shaka, huandika taarifa kwa chombo cha serikali kinachohusika. Tanzania ilitunga sheria ya kuzuia utakasishaji wa fedha haramu mwaka 2006, na Kenya mwaka 2009. Huenda mvuvi yule ameuza shamba la urithi. Farasi wa Abu Huraira nao walikuwa wamezaa kweli.

Turudi kwa swahaba wetu. Umar alimweka kwanza kukusanya zaka za kabila la Juhaina, kisha akamfanya mtu wake wa kufuatilia malalamiko dhidi ya magavana.

Safari yake iliyo mashuhuri zaidi ni ya Kufa. Mji huo ulijengwa mwaka 17 Hijria (638) chini ya Sa'd bin Abi Waqqas (R.A.), mjomba wa Mtume (S.A.W.) kwa upande wa mama, mmoja wa kumi waliobashiriwa Pepo, na jemadari wa Qadisiyya. Nyumba yake ya utawala ilikuwa karibu na soko, makelele yakamsumbua, akaweka mlango. Watu wakaanza kuiita ngome ya Sa'd, na Umar akafikishiwa kwamba gavana amejifungia mbali na raia. Akamtuma Muhammad bin Maslama akauchome mlango ule kisha arudi bila kukawia.

Alipofika Kufa hakwenda kusalimia kwanza. Alinunua kuni, akazipeleka mlangoni, akawasha moto. Sa'd alipoambiwa nani amekuja akamkaribisha ndani, naye akakataa. Sa'd akatoka nje mwenyewe, akampa pesa za njiani, akakataa pia. Akamkabidhi barua ya Umar. Sa'd akaapa kuwa hakusema maneno aliyosingiziwa kuhusu kuwanyamazisha watu, na Muhammad bin Maslama akayabeba maelezo hayo kama yalivyo ili ayafikishe. Kisha akageuza ngamia.

Njia kutoka Kufa hadi Madina ni jangwa la siku nyingi. Kabla hajafika, chakula chake kilikwisha, akawa anakula magome ya miti. Alifika akiwa hoi. Akamsimulia Umar yote, na kiapo cha Sa'd, na Umar akamsadiki Sa'd. Kisha Umar akamuuliza kwa nini hakupokea zile pesa za njiani. Jibu lake lilikuwa kwamba Umar angetaka apokee, angemwandikia au angempa ruhusa. Umar akamsifu kwa busara hiyo.

Kisa hiki huwa nakisoma nikisimama hapo kwenye magome ya miti. Pesa zile hazikuwa haramu kwa dhahiri. Msafiri kusaidiwa masurufu ni jambo la kawaida, na mtoaji alikuwa Sa'd, si mla rushwa. Lakini aliyetumwa kukagua nyumba ya mtu hawezi kurudi akiwa anakula chakula cha nyumba ile. Ukaguzi wake ungekuwa na harufu, hata kama ni wa haki. Na tazameni upande wa pili: njaa ile haikumfanya amchukie Sa'd na kuficha utetezi wake. Alikwenda na moto akarudi na ushahidi wa kumsafisha.

Mwaka 21 Hijria, Waislamu wakijiandaa kwa vita vya Nihawand, baadhi ya watu wa Kufa walimshitaki tena Sa'd kwa Umar. Walimsema kila kitu, hata wakadai hajui kusali vizuri! Umar akamtuma Muhammad bin Maslama mara ya pili. Safari hii alimchukua Sa'd wakaongozana msikiti kwa msikiti, akiwauliza watu juu ya gavana wao huku gavana mwenyewe akisikia. Imepokewa kwamba hakukubali kuuliza kwa siri. Wote walimsema Sa'd kwa kheri, au walinyamaza, mpaka walipofika msikiti wa Banu Abs. Hapo mtu aitwaye Usama bin Qatada akasimama akasema Sa'd hagawi sawasawa, hahukumu kwa uadilifu wala hatoki na jeshi. Sa'd akamwombea dua mbaya mtu yule ikiwa amesema uongo, na wapokezi wanasema dua ile ilimpata, akazeeka katika ufukara na aibu.

Hapa ipo tofauti na kazi ya benki, na ni vizuri niitaje wazi. Mkaguzi wa leo haruhusiwi kumwambia mteja kwamba ameandikiwa taarifa, kwani mwenye hatia angezihamisha pesa usiku ule ule. Uwazi wa Kufa ulifaa kwa sababu lililokuwa likichunguzwa ni mwenendo wa mtu mbele za watu. Kinachofanana ni kwamba maelezo ya kila upande yalisikilizwa, na mkaguzi hakutoa hukumu. Hukumu ilikuwa ya Umar. Naye, pamoja na kuamini kuwa Sa'd hana kosa, alimwondoa Kufa kwa tahadhari, ili mji usiparaganyike. Alipokuwa anakufa mwaka 23 Hijria alimtaja Sa'd miongoni mwa sita wa kuchagua khalifa, na akaeleza kuwa hakumwondoa kwa udhaifu wala kwa hiana. Jina la mtu lililoguswa na uchunguzi lilisafishwa mbele ya watu wote. Laiti ofisi zote zingelikumbuka hilo.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa Misri. Amr bin Al-As (R.A.), aliyeifungua nchi hiyo, aliandikiwa na Umar kuwa ameonekana na bidhaa, watumwa, vyombo na wanyama ambao hakuwa nao alipopewa ugavana. Amr akajibu kuwa Misri ni nchi ya kilimo na biashara, na kipato chao kinazidi matumizi. Umar hakuridhika. Akamtuma Muhammad bin Maslama akagawane naye mali yake.

Alipofika, Amr alimpelekea zawadi, na katika mapokezi mengine alimwandalia chakula. Akarudisha. Amr aliumia, akakumbusha kuwa Mtume (S.A.W.) aliwahi kupokea zawadi kutoka kwake. Muhammad bin Maslama akamweleza kwamba Mtume (S.A.W.) alipokea na kukataa kwa wahyi, na kwamba ingekuwa zawadi ya ndugu kwa ndugu naye angepokea, lakini hii ni utangulizi wa shari. Amr akapandwa na hasira, akatoa maneno mazito juu ya Umar na umaskini wa ukoo wake zamani. Muhammad bin Maslama akamjibu inavyostahiki. Amr alipotulia alijuta, akamwomba maneno yale yasifike kwa Umar, kwani kikao ni amana. Akamkubalia kuwa hatayataja maadamu Umar yu hai. Mali ikaletwa, ikahesabiwa, ikagawanywa.

Yaani alijua mpaka wa kazi yake. Mali aliihesabu yote, hakuacha kitu kwa kumstahi Amr. Hasira ya mtu aliyeguswa mfukoni hakuihesabu. Anayedhani mkaguzi ni mmbea asome hapa mara mbili.

Msidhani lakini kwamba yeye mwenyewe alikuwa malaika. Dhahhak bin Khalifa alitaka kupitisha mfereji wa maji kutoka bonde la Uraidh hadi shambani kwake, na njia ilipita katika ardhi ya Muhammad bin Maslama. Akakataa katakata. Kesi ikafika kwa Umar, ambaye alimuuliza kwa nini amzuie nduguye jambo lenye manufaa kwake na kwa mwenyewe, kwani angepata maji ya mwanzo na ya mwisho bila ya kudhurika. Bado akaapa kuwa hapana. Umar naye akaapa kuwa mfereji utapita ijapokuwa juu ya tumbo lake! Na ulipita. Imam Malik amekiweka kisa hiki katika Muwatta. Mtu wa Umar, aliyechoma milango ya magavana, alilazimishwa kufuata sheria kama jirani yeyote.

Wala hakuwa mtu wa kumwambia mkubwa wake yale anayopenda kusikia. Siku moja Umar alimuuliza anamwonaje. Akamwambia anamwona ana nguvu ya kukusanya mali, mwenye kujizuia nayo, mwadilifu katika kuigawa. Na kwamba angepinda, wangemnyoosha kama unavyonyooshwa mshale. Umar akamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kumweka kati ya watu wa namna hiyo.

Umar aliuawa, akatawala Uthman (R.A.), na misukosuko ikaanza. Uthman naye alimtuma Kufa kusikiliza hali ya watu, na mwaka 35 Hijria akamtuma kuzungumza na waasi waliotoka Misri. Uthman alipouawa na Waislamu wakageuziana silaha, Muhammad bin Maslama alikumbuka wasia. Mtume (S.A.W.) alimpa upanga apigane nao na washirikina, na akamwamuru kuwa atakapowaona Waislamu wanapigana wao kwa wao, aupige kwenye jiwe mpaka uvunjike. Akauvunja. Akachonga upanga wa mti, akautundika, akaeleza kuwa ni wa kumtisha tu mwenye nia mbaya. Akahamia Rabadha, nje ya Madina, akaishi ndani ya hema, na hakuingia upande wowote katika fitna ile.

Mtu aliyepita mikononi mwake mali za Iraq na Misri alikutwa na wageni katika hema hilo jangwani. Alifariki Madina katika mwezi wa Safar mwaka 43 Hijria (663), ingawa wengine wametaja mwaka 46, akiwa na umri wa miaka 77. Aliacha watoto wengi, wa kiume kumi na wa kike sita. Marwan bin Hakam, aliyekuwa gavana wa Madina wakati huo, ndiye aliyemsalia. Mwenyezi Mungu amridhie.